Intel na AMD: Vita vya viini ndani ya kompyuta ya mezani

Mwezi Mei mwaka 2005, makampuni mawili hasimu kutoka jimbo la California nchini Marekani yalifikisha madukani, kwa kupishana siku chache tu, bidhaa ambayo mnunuzi wa kawaida wa kompyuta ya mezani hakuwa amewahi kuuziwa: prosesa yenye viini viwili. Intel, kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hiyo, iliita yake Pentium D. AMD, mpinzani wake mdogo wa miaka mingi, iliita yake Athlon 64 X2.

Prosesa ni kile kijipande cha silikoni, chenye upana wa ukucha wa kidole gumba, kinachofanya mahesabu yote ya kompyuta. Tangu mwaka 1971, Intel ilipotoa prosesa yake ya kwanza, kijipande hicho kilikuwa na kiini kimoja, yaani mtambo mmoja wa kusoma maagizo ya programu na kuyatekeleza. Kuweka viini viwili pamoja hakukuwa wazo geni. Kampuni ya IBM ilikwishafanya hivyo mwaka 2001 katika prosesa yake ya POWER4, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine kubwa za mashirika. Jipya lilikuwa kwamba sasa viini hivyo vinauzwa kwa mtu anayetaka kuandika barua, kusikiliza muziki na kucheza michezo nyumbani kwake.

Tangu siku hizo idadi ya viini ikawa silaha kuu ya vita kati ya makampuni hayo. Miaka iliyofuata ilionyesha, hata hivyo, kwamba silaha hiyo ilinolewa pale tu mahasimu hao walipokuwa na nguvu zinazokaribiana. Mmoja alipodhoofika, idadi ya viini ilisimama pale pale kwa muongo mzima.

Ndoa ya mkeka

Intel iliasisiwa mwaka 1968 na Robert Noyce na Gordon Moore. AMD ilifuata mwaka 1969 chini ya uongozi wa Jerry Sanders. Wote watatu walitokea katika kampuni moja, Fairchild Semiconductor, na makao makuu ya makampuni yao mapya, Santa Clara na Sunnyvale, yalikuwa miji jirani.

Kilichowafunga pamoja ni uamuzi wa mtu wa tatu. Mwaka 1981 IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi ya kwanza, ilichagua prosesa ya Intel aina ya 8088, lakini haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja. Ilitaka awepo mwingine anayeweza kutengeneza kijipande kile kile iwapo wa kwanza atashindwa. Kwa hiyo mwaka 1982 Intel iliingia mkataba na AMD wa kubadilishana teknolojia. Ilikuwa ndoa ya mkeka, na haikukaa sana. Kompyuta za aina hiyo zilipoenea duniani, Intel ilikataa kuipa AMD michoro ya prosesa yake ya 386, na kesi zilizofuata ziliendelea hadi mwaka 1995, pande mbili zilipokubaliana kuzimaliza. AMD ilitoka humo ikiwa na haki ya kutengeneza prosesa zinazoelewa lugha ya maagizo ya Intel. Haki hiyo ndiyo iliyoufanya ushindani wote uliofuata uwezekane, kwa vile programu iliyoandikwa kwa ajili ya mmoja hufanya kazi kwa mwingine bila kubadilishwa.

Mwisho wa mbio za gigahezi

Kabla ya viini, vita vilikuwa vya kasi. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, kama ngoma inavyowaongoza wachezaji, na gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Tarehe 6 Machi 2000 AMD ilikuwa ya kwanza kutangaza prosesa ya kompyuta ya mezani iliyofikia gigahezi moja. Intel ilitangaza ya kwake siku mbili baadaye.

Novemba mwaka huo huo Intel ilileta Pentium 4, prosesa iliyobuniwa hasa kwa ajili ya mbio hizo. Kila agizo la programu liligawanywa katika hatua ndogo ndogo nyingi, ili kila hatua iwe fupi na mapigo yaweze kuharakishwa. Namba kwenye matangazo zikapanda. Tatizo ni kwamba kazi iliyokamilika katika kila pigo ilipungua, na prosesa ya AMD yenye mapigo machache mara nyingi ilimaliza kazi wakati ule ule au mapema zaidi. Mnunuzi asiye mtaalamu hakuweza kulijua hilo. Ndiyo sababu kuanzia mwaka 2001 AMD iliacha kutanguliza gigahezi katika majina ya bidhaa zake. Athlon XP 1800+, kwa mfano, ilikuwa na kasi ya gigahezi 1.53 tu, ile 1800 ilikuwa njia ya kumwambia mteja ailinganishe na prosesa zenye namba kubwa zaidi.

Kilichowashinda Intel hatimaye hakikuwa AMD bali joto. Umeme unaotumiwa na prosesa huongezeka kadiri mapigo yanavyoongezwa, na huongezeka kwa mraba wa volti. Kwa kuwa mapigo ya kasi zaidi huhitaji volti kubwa zaidi, kila hatua ya mwisho ya kasi ilikuwa ghali kuliko iliyotangulia. Zamani kupunguza ukubwa wa transista kulilimaliza tatizo hilo, kwani transista ndogo ilitumia umeme mdogo. Lakini zilipofikia kipimo cha nanomita 90 mwaka 2004, umeme ulianza kuvuja kwa wingi hata transista ikiwa imezimwa. Toleo la Pentium 4 la mwaka huo, lililopachikwa jina la Prescott, lilikuja kufikia wati 115. Hilo ni joto la balbu kubwa ya taa ya wakati ule, likitoka katika eneo la ukucha.

Mwezi Mei 2004 Intel ilifuta mradi wa prosesa iliyokuwa imekusudiwa kumrithi Prescott. Oktoba ikafuta pia ahadi yake ya kuuza Pentium 4 ya gigahezi 4. Mkurugenzi wake mtendaji wa wakati huo, Craig Barrett, alipiga magoti jukwaani katika mkutano mjini Orlando, Florida, akiomba radhi, nusu kwa mzaha, kwa ahadi hiyo iliyovunjika. Pentium 4 iliishia gigahezi 3.8.

Wapishi wawili

Jibu la wote wawili lilikuwa lile lile. Badala ya mtambo mmoja unaokimbia hadi kuungua, iwekwe mitambo miwili inayokimbia polepole kidogo. Pentium D ya juu kabisa katika toleo la kwanza ilikuwa na gigahezi 3.2 kwa kila kiini, chini ya ile 3.8 ya kiini kimoja.

Faida yake ina mipaka, na mipaka hiyo ilikwishaelezwa mwaka 1967 na mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl. Anayepika karamu ya harusi anaijua vyema bila kufundishwa. Ukileta mpishi wa pili, vitunguu vitamenywa na mchele utapembuliwa kwa nusu ya muda. Sufuria ya wali ikishatelekwa jikoni, haiivi upesi zaidi kwa sababu wapishi wameongezeka. Programu nazo ziko hivyo hivyo. Kubadili muundo wa filamu au kuchora picha yenye vivuli vingi ni kazi inayogawanyika, na viini viwili viliimaliza kwa karibu nusu ya muda. Michezo mingi ya mwaka 2005 iliandikwa kwa ajili ya kiini kimoja, na kiini cha pili kilikaa kikitazama. Mwenye kompyuta aliiona tofauti zaidi pale alipofanya mambo mawili kwa pamoja, kama kuchoma CD huku programu ya kusaka virusi ikiendelea nyuma.

Katika ubunifu, AMD ilikuwa mbele. Wahandisi wake walipochora Athlon 64 walikwishaacha nafasi ya kiini cha pili, na viini hivyo viliwasiliana ndani kwa ndani. Intel, iliyobadili mwelekeo kwa haraka, iliviweka viini viwili vya Pentium 4 ubavuni kwa ubavu. Walikuwa kama wapangaji wa vyumba vinavyopakana ambao kila wakitaka kusemezana hulazimika kutoka nje na kuzungukia barabarani. Pentium D pia ilidai ubao mama mpya, ilhali wenye ubao wa AMD wa wakati huo mara nyingi waliweza kuchomoa prosesa ya zamani na kuchomeka mpya.

Intel ilikuwa na jibu moja, nalo lilikuwa bei. Pentium D ya chini iliuzwa dola 241. Athlon 64 X2 ya bei nafuu kuliko zote ilianzia dola 537. AMD ilijua ina bidhaa bora na iliitoza ipasavyo. Hakuna aliye malaika katika biashara hii. Mwezi Agosti mwaka huo ilinunua kurasa nzima za magazeti ya Marekani kumwita hasimu wake katika pambano la hadhara la prosesa za seva zenye viini viwili. Intel haikujitokeza.

Julai 2006

Ilijitokeza mwaka uliofuata, kwa namna nyingine. Kundi la wahandisi wa Intel katika mji wa Haifa, Israel, lilikuwa limebuni prosesa za kompyuta za mkononi, ambako betri hairuhusu ufujaji wa umeme. Kutokana na mawazo yao ilizaliwa Core 2 Duo, iliyozinduliwa tarehe 27 Julai 2006. Ilikuwa na gigahezi chache kuliko Pentium D, lakini ilifanya kazi nyingi zaidi katika kila pigo, na nyingi kati ya prosesa hizo zilikadiriwa wati 65, wakati Pentium D ya juu ilikuwa imefikia wati 130. Ile ya dola 316 ilizishinda prosesa za AMD zilizokuwa zikiuzwa kwa zaidi ya maradufu ya bei hiyo.

AMD haikungoja. Siku chache kabla ya uzinduzi huo ilipunguza bei za bidhaa zake, na Athlon 64 X2 3800+ ikashuka kutoka dola 303 hadi dola 152. Viini viwili, ambavyo miezi 14 nyuma vilikuwa anasa kwa wateja wa AMD, vikawa ndani ya uwezo wa mwanafunzi. Kipindi hicho kifupi ndicho mnunuzi alichonufaika nacho kuliko vyote katika muongo ule.

Manufaa hayo yalifika pia Afrika Mashariki, ingawa kwa kuchelewa. Kompyuta zilizokwisha tumika maofisini barani Ulaya na katika nchi za Ghuba ziliuzwa madukani Dar es Salaam, Nairobi na Kampala miaka kadhaa baada ya kustaafishwa huko, na kibandiko cha Core 2 Duo kilikuwa jambo la kwanza ambalo mnunuzi mjuzi alilitafuta kwenye boksi. Kwa mwenye kutegemea jenereta, au betri ya akiba umeme unapokatika, tofauti kati ya wati 65 na wati 130 haikuwa hadithi ya wahandisi.

Ushindani ukahamia kwenye viini vinne. Novemba 2006 Intel ilichukua vijipande viwili vya Core 2 Duo na kuvifungia katika ganda moja. AMD ilidhihaki, ikisema hivyo si viini vinne halisi, na kuahidi kijipande kimoja kilichobuniwa hivyo tangu mwanzo. Kilipofika, kikiitwa Phenom, ilikuwa Novemba 2007, kasi yake haikuzidi gigahezi 2.3, na toleo la kwanza lilikuwa na hitilafu ambayo marekebisho yake yalipunguza kasi hiyo zaidi. Wakati huo Intel ilikuwa imekwishateremsha bei ya prosesa yake maarufu ya viini vinne, Core 2 Quad Q6600, kutoka dola 851 hadi dola 266. Wateja hawakujali kijipande ni kimoja au viwili. AMD iliuza hata prosesa za viini vitatu, ambazo kwa hakika zilikuwa vijipande vya viini vinne kimoja kikiwa kimezimwa.

Mahakamani

Wakati wahandisi wakishindana, mawakili nao walikuwa kazini. Tarehe 27 Juni 2005 AMD iliishtaki Intel katika mahakama ya shirikisho jimboni Delaware, ikidai kwamba hasimu wake huwapa watengenezaji wa kompyuta punguzo la bei kwa masharti ya kutonunua kwingine. Tume ya biashara ya haki ya Japani ilikuwa imetoa onyo la aina hiyo miezi mitatu nyuma, na Intel ikakubali kubadili mwenendo bila kukiri kosa.

Pigo kubwa lilitoka mjini Brussels. Tarehe 13 Mei 2009 Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya, kupitia kamishna wa ushindani Neelie Kroes, iliitoza Intel faini ya yuro bilioni 1.06, kubwa kuliko zote zilizowahi kutozwa kampuni moja barani humo hadi siku hiyo kwa kosa kama hilo. Kwa maelezo ya halmashauri hiyo, AMD iliwahi kumpa mtengenezaji mmoja wa kompyuta prosesa milioni moja bure. Mtengenezaji huyo alichukua 160,000 tu, kwa kuwa kuzichukua zote kungemkosesha punguzo la Intel kwa mamilioni ya prosesa nyingine alizozihitaji. Mwezi Novemba mwaka huo Intel iliilipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza kesi zote baina yao.

Viini vinne kwa miaka kumi

Fedha hizo zilifika AMD ikiwa hoi. Mwaka 2006 ilikuwa imenunua kampuni ya ATI kwa dola bilioni 5.4, mzigo ulioilemea. Jerry Sanders alikuwa akijigamba kwamba mwanamume kamili ni yule mwenye kiwanda chake. Warithi wake waliviuza. Mwaka 2007 Mubadala, shirika la uwekezaji la Abu Dhabi, lilinunua asilimia 8 ya hisa za AMD, na mwaka 2009 viwanda vya AMD, vikiwemo vya Dresden nchini Ujerumani, viliingizwa katika kampuni mpya ya GlobalFoundries iliyogharimiwa kwa fedha za Abu Dhabi. Bila fedha hizo za Ghuba, ni vigumu kuona vipi AMD ingaliuvuka mwaka ule.

Mwaka 2011 ilitoa prosesa za FX, zikitangazwa kuwa na viini vinane. Viini hivyo vilikaa wawili wawili na kugawana mtambo wa mahesabu ya desimali, na katika kazi nyingi vilishindwa na viini vinne vya Intel. Wateja huko California walikwenda mahakamani wakiuliza iwapo hivyo ni vinane kweli, na mwaka 2019 AMD ilikubali kulipa dola milioni 12.1 kuyamaliza. Mwaka 2015 hisa moja ya AMD iliuzwa chini ya dola 2.

Kwa upande wake, Intel iliendelea kuuza viini vinne. Core i7-7700K ya Januari 2017 ilikuwa na viini vinne kama Q6600 ya Januari 2007. Ni haki kusema kwamba kila kiini kilikuwa kimeongezeka sana nguvu katika miaka hiyo, na kwamba programu nyingi hazikudai zaidi. Waliodai, Intel iliwauzia viini vinane kwa zaidi ya dola 1,000.

Machi 2017 mambo yaligeuka. AMD, ikiongozwa na Lisa Su, mhandisi mzaliwa wa Taiwan, ilizindua Ryzen 7 yenye viini vinane kwa bei isiyozidi dola 499. Miezi saba baadaye Intel ilitoa Core i7 ya viini sita, kwa teknolojia ile ile ya nanomita 14 na kwa bei iliyoizidi ile ya viini vinne kwa dola chache tu. Mwaka 2018 ikafikia vinane. AMD, ambayo sasa ilitengenezewa prosesa zake na TSMC ya Taiwan, ilifikia viini 16 mwaka 2019, ikiunganisha vijipande kadhaa katika ganda moja, mtindo ule ule iliokuwa imeudhihaki mwaka 2006.

Viwanda vya Intel vilikuwa vimechelewa, na kampuni ya Apple ilianza kuhamia kwenye prosesa zake yenyewe mwaka 2020. Intel ilijibu mwaka 2021 kwa kuchanganya viini vikubwa vya kasi na vidogo vya kubana umeme, na mwaka 2022 ikatangaza prosesa ya viini 24, ambapo vikubwa ni vinane tu. Swali la kiini ni nini likarudi upya. Likarudi pia tatizo la volti: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 ziliharibika kwa sababu ya volti iliyopita kiasi, na ikaongeza dhamana yake kwa miaka miwili.

Oktoba mwaka huo huo yalitokea mambo mawili. Tarehe 15 Intel na AMD zilitangaza kuunda kwa pamoja baraza la kuilinda lugha ya maagizo wanayoitumia wote wawili, kutokana na ushindani wa prosesa zinazotumia usanifu wa Arm. Siku tisa baadaye Mahakama ya Haki ya Ulaya ilithibitisha kufutwa kwa ile faini ya mwaka 2009, ikikubaliana na hukumu ya mwaka 2022 kwamba halmashauri haikuthibitisha ipasavyo madhara ya yale mapunguzo ya bei. Kwa sehemu ya madai ambayo haikuguswa na hukumu hiyo, halmashauri ilikuwa imekwishaitoza Intel faini nyingine, ya yuro milioni 376, mwezi Septemba 2023, na Intel ikaipinga hiyo nayo mahakamani.